Kuwaka si Kufuka

Majirani zangu wa hapa Maine, kaskazini-mashariki ya Marekani, wana kitenzi kimoja wanachokitumia kwa kuni zenye ndimi za moto, kwa kuni zinazotoa moshi mtupu, kwa wali ulioshika ukoko na kwa kidole kilichogusa sufuria. Kiingereza chao kina maneno mengine, bila shaka, lakini wanaposimama kuzungumza habari za matanuri yao, hilo moja huwatosha. Sisi halitutoshi. Kwetu kuni huwaka, moshi hufuka, wali huungua, nyumba huteketea, na kaa hufifia hata likawa zimwe. Ukimwambia Mswahili kwamba moto wako unafuka, hatakuuliza una joto kiasi gani. Ameshajua.

Nimeishi na tanuri la kuni kwa majira sita ya baridi, na katika muda huo nimepata sababu ya kuvifikiria vitenzi hivyo kuliko nilivyopata kuvifikiria nilipokuwa nikisoma fasihi. Tanuri lenyewe limo katika chumba kilichochimbwa chini ya nyumba. Ni sanduku la chuma lenye kimo cha kifua changu, ndani limepangwa matofali ya kuhimili moto, na juu yake hutoka mabomba mapana ya bati yapandayo mpaka vyumbani. Feni husukuma hewa ipite kando ya chuma kilichopata moto, nayo hewa hiyo huchomoza sakafuni kupitia vidirisha vya wavu. Maine ndilo jimbo ambalo kaya zake hutegemea mafuta ya kupashia nyumba joto kuliko jimbo jingine lolote la Marekani, na bei ya mafuta hayo haimhurumii mtu. Basi mwenye msitu nyuma ya nyumba, au mwenye rafiki mwenye msitu, huchoma kuni.

Neno tanuri, tukiwa bado hapo, limesafiri zaidi yangu. Tumelipata kwa Waarabu, nao wana undugu wa neno hilo na lugha za kale za Mashariki ya Kati. Kuku wa tanduri tunayemla Dar es Salaam na Mombasa ni binamu yake aliyepitia Bara Hindi. Dohani nayo, ile njia ya moshi inayotoka juu ya paa, imetoka kwa neno la Kiarabu la moshi wenyewe. Wazee wetu waliitumia kwa meli. Mimi ninaitumia kwa nyumba, wala sijaona neno linalofaa zaidi.

Kuanzia mwezi wa Oktoba mazungumzo ya huku hubadilika. Watu huulizana: la kwako jana liliwaka muda gani? Lilipanda digrii ngapi? Wote wanatafuta jambo moja, nalo ni mwako mrefu, tena wenye joto kali. Nilipojaribu kuifasiri kauli hiyo kwa ajili ya mama yangu kwenye simu, niliona kama ninaunganisha maneno mawili yasiyopatana. Pangani nilikokulia, moto mkali hauna umri. Makuti makavu huwaka kwa kishindo, yakamwangaza kila mtu usoni, na giza likarudi kabla hujamaliza sentensi. Pumba za mpunga huungua chini kwa chini usiku kucha, lakini huwezi kuchemshia chai juu yake. Ama urefu ama ukali. Mama alicheka, akaniuliza kama huko kuni zenyewe zimesoma.

Nyumbani mwetu swali hili si la mzaha. Mke wangu hufanya kazi ya zamu ya usiku, akiwahudumia wazee. Katika usiku wa Januari, kipimajoto cha nje kikishuka mpaka digrii 25 chini ya sifuri, mtu mzima aliyemo ndani ni mimi peke yangu, pamoja na watoto wawili, mmoja wa miaka saba na mwingine hajatimiza miwili. Tanuri likizimika saa nane za usiku, ubaridi huanza kuingia kwa ukuta wa kaskazini. Alfajiri maji yaliyomo katika mabomba ya ukuta huo yanaweza kuganda, na bomba lililoganda hupasuka. Nikiamka kila baada ya muda mfupi kuongeza kuni, moto hukaa, lakini mimi sikai. Nina kazi saa moja asubuhi, na njia ya kwendea ina barafu. Moto unaodumu mpaka alfajiri, kwetu, ni usingizi wa baba na maji ya kuogea watoto.

Bibi yangu hakuwa na tatizo hili, na sababu yake imo katika kitenzi kuchochea. Kwenye mafiga, kuni ndefu huwekwa vichwa vikikutana katikati na mikia ikibaki nje. Kichwa kinapoliwa na moto, mtu huusukuma ukuni mbele kidogo. Huko ndiko kuchochea, na yule mchochezi wa siasa tunayesikia akilaaniwa redioni alianza maisha yake hapo, akiwa mtu mwema mwenye kazi ya kuivisha maharage. Urefu wa moto wa mafiga hautoki ndani ya moto. Hutoka katika mkono wa aliyekaa karibu nao, na mkono huo, tuseme kweli, karibu kila mara ulikuwa wa mwanamke. Tanuri la huku linataka moto usiochochewa na mtu. Mlango wake hufungwa saa nne za usiku, na mchochezi anakwenda kulala.

Jibu linalomjia kila mtu kwanza ni kufunga hewa. Chini ya mlango wa tanuri pana kilango kidogo kinachoingiza hewa, na hoja yake yaonekana haina kasoro: moto hula hewa, basi mnyime hewa naye atakula kuni polepole. Na kweli hula polepole. Asubuhi unafungua mlango ukakuta magogo yamelala vilevile, meusi, yakifuka. Kuni zimekaa. Joto ndilo halikukaa, na kuta za vyumba zinakushuhudia.

Siri ni kwamba ukuni, kwa hakika, hauwaki wenyewe. Ukipata joto, kwanza hutoa maji. Joto likizidi, likapita digrii 200 na kuelekea 300, mti huanza kuvunjika ndani kwa ndani na kutoa mvuke wa namna namna, na mvuke huo ndio sehemu kubwa ya kile tunachokiita moshi. Ulimi wa moto ni mvuke huo unaowaka. Kinachobaki baada ya mvuke kwisha ni kaa, nalo huwaka kwa namna yake, bila ndimi ndefu. Zaidi ya nusu ya nguvu iliyomo katika ukuni huondoka na mvuke, na mvuke hauwaki vyema mpaka upate hewa ya kutosha na joto la karibu digrii 600. Ukifunga hewa mapema, chumba cha moto kinapoa, lakini kuni haziachi kutoa mvuke. Unatoka tu. Unapanda dohani bila kuwaka, ukiwa umebeba joto ulilochanjia kuni tangu masika.

Hapa ndipo kitenzi kufuka kilipoanza kunisemesha, kwa kuwa sisi tunajua mahali ambapo kufuka kunatakiwa. Mwenye kufukiza udi huweka kipande juu ya kaa katika chetezo, na akiona kinashika moto hukipuliza upesi ndimi zife. Harufu anayoitafuta ni ile sehemu ya mti isiyowaka. Laiti udi ungewaka vizuri, nyumba isingenukia kitu. Mchoma mkaa naye hutaka kufuka. Hupanga magogo, akayafunika kwa nyasi na udongo, akayatia moto na kuuachia matundu machache ya kupumulia, kisha kichuguu chake kikafuka siku kadha wa kadha. Anautupa moshi kwa makusudi ili abaki na mkaa. Bwana huyu na mwenye chetezo ni mafundi wa kazi moja inayotazama pande mbili: mmoja ametupa mkaa akabaki na moshi, mwingine ametupa moshi akabaki na mkaa. Anayetaka joto hawezi kumfuata hata mmoja wao. Yeye hana budi kuuchoma moshi wenyewe.

Nami ningeyasema haya kwa utulivu zaidi kama hasara yake ingekuwa kuni tu. Moshi usiowaka ukipita katika bomba lililopoa hutua ukutani kama umande, ila umande huu ni wa lami. Huitwa kreosoti. Huanza kama masizi, ukawa utando mweusi unaong'aa, ukajaa tabaka juu ya tabaka kwa majuma. Kisha siku moja mtu anawasha moto mkubwa, cheche moja inapanda, na dohani yenyewe inawaka. Familia moja ya watu wetu, tuliozoea kula nao futari, ilipatwa na jambo hilo Februari mbili zilizopita. Nyumba walikuwa wamepanga, na aliyewapangisha hakuwa amesafisha dohani kwa muda usiojulikana. Mama wa nyumba alinisimulia kwamba alisikia mngurumo kama garimoshi linapita ukutani. Moto wa namna hiyo huweza kupita digrii 1,000 ndani ya bomba. Matofali hupasuka, na mbao za paa zilizo karibu huanza kuungua kabla mtu hajaona hata mwali. Walitoka wote wazima, watoto wamezungushiwa kanga na mablanketi, miguu mitupu juu ya theluji. Nyumba haikukalika tena majira yale.

Nilikuwa nikitafuta katika kumbukumbu za kwetu mfano wa moto ulio mrefu na mkali kwa pamoja, maana sikutaka kuamini kwamba lugha yenye vitenzi vingi namna hii haikuwahi kuujua. Nikakumbuka tanuu, ndugu mfupi wa tanuri, mahali pa kuchomea chokaa. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, majumba ya Gedi, nyumba za Lamu na za Mji Mkongwe, yote yalisimamishwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Na jiwe haligeuki chokaa kwa kubembelezwa. Hutaka joto la karibu digrii 900, na hutaka kukaa humo muda mrefu. Aliyewahi kuona tanuu la wazi la pwani atakumbuka lilivyopangwa: magogo yamelazwa kwa duara, yamebanana, safu juu ya safu, katikati pameachwa njia ya kutilia moto, na mawe yamewekwa juu. Hakuna udongo uliofunika. Hakuna aliyenyima hewa. Urefu wa moto ule unatoka katika unene wa magogo na namna yalivyoshikamana.

Hilo ndilo jibu lenyewe, na jirani yangu mzee, aliyechoma kuni tangu utoto wake katika shamba la baba yake, alinipa jibu hilohilo kwa maneno mengine bila kuwahi kusikia habari za Kilwa. Ukuni mnene una tumbo kubwa na ngozi ndogo. Moto huingia kupitia ngozi. Ukuuchanja ule ukuni mara nane, umeuongezea ngozi, nao utatoa mvuke wake wote kwa pamoja, uwake kama makuti, nusu ya joto ikimbilie nje. Ukiuchanja mara mbili tu, ukaulaza ubavu kwa ubavu na wenzake pasiwe na nafasi ya ngumi, mvuke utatoka kidogo kidogo, na kila kidogo kitakuta joto na hewa ya kukichoma. Ndiyo maana vijiti vyembamba ninavitumia jioni, watoto wanapotaka joto upesi, na magogo mazito ninayaweka usiku.

Lakini yote hayo ni bure kuni zikiwa mbichi. Juu ya jambo hili nitakawia, kwa sababu ndilo linalobeba mengine.

Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji yanayokaribia nusu ya uzito wake. Kuigeuza kilo moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke hutaka megajuli zipatazo 2.3, na kilo moja ya mti mkavu hutoa karibu megajuli 18. Mwenye hesabu ataona kwamba hasara si kubwa sana, akashangaa kelele zote hizi ni za nini. Kelele ni kwamba maji hayo hutoka mapema, wakati ule ule ambao chumba cha moto kinajitahidi kufika digrii 600. Ni kama kumwagia maji mtu anayepanda mlima. Mvuke wa mti unatoka, chumba hakijafika, na yote yanaishia katika dohani. Kuni za kufaa hutakiwa ziwe na maji chini ya asilimia 20. Kipo kifaa kidogo chenye sindano mbili kinachopima. Hudungwa katika uso wa ndani wa ukuni uliochanjwa wakati huohuo, kwani uso wa nje hudanganya. Lakini hata bila kifaa, lugha ya kuni husikika. Gonga viwili vilivyokauka: hulia kama vipande vya marimba. Gonga vibichi: hujibu kwa sauti ya kiganja juu ya godoro. Tazama kichwa cha ukuni, uone nyufa zinazotoka katikati kama miali ya jua. Unuse. Mbichi hunuka uhai.

Msonobari, ambao Maine hujivunia mpaka kujiita kwa jina lake, hukauka kwa kiangazi kimoja. Mwaloni mwekundu hutaka miaka miwili, na wengine husema mitatu. Kuni huchanjwa kwanza, kwa kuwa gamba la mti limeumbwa kuzuia maji yasitoke. Hupangwa juu ya miti miwili ili zisiguse ardhi, zikafunikwa juu tu, ubavu ukaachiwa upepo. Huku huuzwa kwa rundo lenye urefu wa futi 8, upana wa futi 4 na kimo cha futi 4, na mimi humaliza marundo matano kwa majira. Maana yake, ninapochoma marundo ya mwaka huu, ya mwakani yamekwisha kupangwa, na ya mwaka wa pili yapo msituni yakiwa bado na majani. Kilo kwa kilo, miti yote hutoa joto linalokaribiana. Tofauti ni uzito: tanuri lililojazwa mwaloni limebeba kilo nyingi kuliko lililojazwa msonobari, kama vile gunia la mkaa wa mkoko halilingani na gunia la mkaa wa mwembe. Watu wa pwani hawahitaji kuambiwa hilo.

Kuni zikiwa kavu na nene, kinachobaki ni adabu ya saa moja. Ninapoweka kuni za usiku, huvuta makaa yote mbele, karibu na mlango ambako hewa huingilia, na magogo huyalaza nyuma. Huacha hewa wazi mpaka kila gogo limekuwa jeusi pande zote na ndimi za moto zimetulia. Hapo ndipo hupunguza hewa, kidogo, nikasubiri, kidogo tena. Sharti ni moja: ndimi zisikatike. Moto unaweza kupunguzwa kasi ukabaki unawaka. Mpaka uko pale unapoanza kufuka, na jicho hujifunza kuuona mpaka huo kama sikio linavyojifunza mizani ya shairi. Nikitoka nje na kutazama juu ya paa, dohani njema haionyeshi kitu isipokuwa mtetemeko wa hewa mbele ya nyota.

Mlango wa tanuri una kamba nene pembeni ya kuzuia hewa isipenye. Huijaribu kwa kuubania ukanda wa karatasi: ukitoka kwa kuvutwa kidogo tu, kamba imechoka. Dohani husafishwa kila mwaka kabla ya baridi. Kengele za hewa ya sumu ziko kila ghorofa. Hayo hayana mjadala.

Matofali ya ndani nayo yana kisa cha kwetu. Kenya ilipoanza katika miaka ya 1980 kueneza jiko la mkaa lenye udongo wa kuchomwa ndani ya bati, wanunuzi walipunguza mkaa kwa kiasi kikubwa, kwa sababu udongo ule ulilizuia joto lisikimbilie pembeni. Bati tupu hupasha miguu ya mpishi. Udongo hurudisha joto motoni. Tanuri langu limejengwa kwa fikra hiyohiyo, isipokuwa joto hurudishwa ili kuchoma moshi, na juu ya magogo hupita hewa ya pili iliyokwisha kupashwa moto. Benjamin Thompson, mzaliwa wa Massachusetts ambaye dunia humjua zaidi kwa cheo cha Count Rumford, alichapisha mwaka 1796 maelezo ya namna ya kujenga mahali pa moto nyumbani ili patoe joto zaidi na moshi mchache. Serikali ya Marekani ilichelewa: kanuni za taifa za moshi wa majiko mapya ya kuni zilitoka mwaka 1988, na matanuri kama langu yakaingizwa mwaka 2015. Katika muda wote huo mpishi wa kwetu alikuwa akifumba macho na kukohoa.

Sitaki mtu adhani kwamba ninayalilia mafiga. Macho ya bibi yangu yalikuwa mekundu maisha yake yote, na kifua chake kilimtesa. Tanzania ilipozindua mwaka 2024 mkakati wake wa nishati safi ya kupikia, kwa lengo la kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034, mimi niliyekulia katika moshi nilifurahi. Lakini mpenda lugha hana budi kuangalia kinachotoka mlangoni pamoja na moshi. Jiko la gesi lina vitenzi viwili, kuwasha na kuzima. Halina kukoka, wala kuchochea, wala kupepea, wala kuvuvia. Halina kijinga cha moto. Mtoto anayekua nalo atamsikia mtu akisema "amenipalia makaa" na ataelewa kwamba pana shari, bila kuona mkono unaoliweka kaa juu.

Nasi washairi tumelisaidia hilo litokee. Tunautumia moto sana, karibu kila penye mapenzi, lakini tunaujua kwa sura moja: ndimi, miali, kuungua. Ni moto wa makuti. Katika diwani nyingi nilizosoma, moyo huwaka ubeti wa kwanza na kuteketea ubeti wa tatu, na mtu hujiuliza wapenzi hao wataotaje Januari. Kaa limesahauliwa, nalo ndilo lenye kina kizuri kuliko vyote: kaa la moto ndilo linalokaa. Sidai kwamba maneno hayo mawili yana asili moja. Ninadai kwamba mshairi aliyepewa na lugha yake bahati ya namna hiyo, akaiacha ilale, hana sababu ya kulalamika kwamba vina vimekwisha.

Jumamosi huja kwetu mama mmoja wa Lubumbashi, mwenye tanuri kuukuu kuliko langu, na tukishuka chini kulitazama la kwangu huwa tunalipana maneno. Mkaa yeye huuita makala, na jiko la mkaa mbabula. Mwanangu wa miaka saba, ambaye shuleni ana neno moja tu la moto kama walivyo majirani, ameyakusanya ya pande zote mbili na huyatumia bila mpango. "Baba, makala yamekuwa mengi," aliniambia juzi asubuhi akiwa amechuchumaa mbele ya mlango. Alikuwa amesema kweli. Makaa yakijaa mno huchukua nafasi ya kuni bila kutoa joto la kutosha. Dawa yake ni kuyavuta mbele, kuweka juu vijiti viwili vya msonobari, na kufungua hewa mpaka yashuke.

Ni katika makaa hayo ndipo pana kitu ambacho bado sina neno lake. Kuni zikiisha kutoa mvuke, ndimi za manjano hutoweka, na juu ya makaa huzuka ndimi nyingine fupi, za buluu, zisizotulia, zikihama kutoka kaa hili kwenda lile bila kugusa kitu. Ni ile hewa ya kaboni isiyo na rangi wala harufu, inayowaua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Humu imenaswa, nayo inawaka. Zikiwapo saa kumi za usiku, najua nyumba itafika asubuhi. Nimetafuta katika kamusi nilizo nazo, nikamuuliza mama yangu, nikamuuliza na mama wa Lubumbashi. Binti yangu ameziita vipepeo. Nilitaka kumsahihisha, kisha nikakumbuka kwamba kipepeo ni mdudu, na ni kile kiukindu alichokuwa nacho bibi mkononi akiupepea moto wake, nikanyamaza. Basi kwetu ni vipepeo, mpaka mmoja wenu aniletee neno lililo bora zaidi.